Mikanda Mitatu ya Maisha Yangu

Jumatatu, 8 Juni 1953. Nanyala.

Nimepata kamera ya sinema! Mzungu wa shamba la kahawa anarudi kwao. Kanipa kamera na mikanda mitatu, nami nimempa baiskeli, amwachie mpishi wake kama zawadi ya kuagana. Mke wangu Tabita akauliza kahawa yetu itafikaje ghalani. Nikamwambia mtengeneza sinema habebi kahawa.

Sinema itahusu maisha ya mtengeneza sinema mkubwa. Yaani mimi.

Alhamisi, 11 Juni.

Tatizo. Nikiwa nyuma ya kamera siwezi kuwa mbele yake. Nimemchagua Ezron, fundi seremala, awe mimi. Sura ya kawaida, lakini ana koti. Tabita asema tunafanana kabisa, ila Ezron humaliza kazi anazoanza. Hilo sitaliandika. Nimeliandika. Nitalifuta.

Jumamosi, 13 Juni.

Tumepiga picha ya kuzaliwa kwangu. Mama amekuja kutoka Ibaba, siku mbili njiani. Tulimviringisha Ezron kwenye blanketi, tukamlaza mapajani mwake. Mama akalalamika kwamba mtoto ana masharubu na ananuka ugoro. Nikamwomba machozi ya furaha. Akasema siku ile hakulia kwa furaha. Mkanda wa kwanza umekwisha.

Jumanne, 16 Juni.

Shule. Nilitaka Ezron afukuzwe kwa kuwa na akili kupita kiasi. Mwalimu Kefa, aliyenifundisha, akagoma. Asema hakuna aliyenifukuza. Niliacha tu kuja, na ilipita wiki tatu ndipo wakagundua. Wivu! Mkanda wa pili umekwisha.

Alhamisi, 18 Juni.

Harusi. Tabita awe Tabita, Ezron awe mimi. Wakatoka mlangoni mwa kanisa wakicheka. Nikawaambia siku ile hatukucheka. Tabita akasema, "Ndiyo, Baba Lusungu, nakumbuka."

Walirudia mara tano. Ya nne na ya tano sikuwaagiza. Kitu kikanichoma kifuani. Nadhani ni jua.

Mikanda yote nimeituma Nairobi ikasafishwe.

Ijumaa, 14 Agosti.

Gari la sinema la serikali limefika. Bwana Danford, mwenye mashine, akakubali kuonyesha yangu baada ya ile yao ya kujikinga na mbu. Uwanja ulifurika.

Ezron hana kichwa, tangu kuzaliwa hadi kuoa. Kamera ilielekea chini kidogo. Pale kanisani ni miguu minne tu, imesogeleana mno. Watu walicheka mpaka mzee wa kanisa akashikiliwa asianguke. Na ni sinema ya huzuni! Mama akauliza kwa sauti, "Sasa mwanangu yuko wapi humo?"

Nikajificha nyuma ya gari. Bwana Danford akanifuata huko. Nikasimama, nikafunga vifungo vya shati. Alitaka kujua mwenye ile miguu anapatikana wapi. Wanatafuta mtu wa sinema ya kufundisha kunawa.

Jumatatu, 17 Agosti.

Ezron ameondoka na gari. Tabita alimpungia mkono hata vumbi lilipotulia.

Nimetafakari siku tatu nikaliona kosa langu. Sinema ilikuwa fupi mno. Ya pili itaonyesha jinsi nilivyotengeneza ya kwanza. Saa tatu nzima! Jairo, mchuuzi wa Tunduma, ana mikanda ishirini kutoka ng'ambo ya mpaka, naye anataka bati. Nimeshaezua upande wa chumbani kwetu. Mvua ni Novemba.

Tabita amekaa kitandani, anatazama mbingu. Nimemwambia asitikisike. Mwanga ni mzuri sana.