Bampa la Afande Sulait

Jumatatu, 5 Agosti. Nalufenya, Jinja.
Nimeamua. Pikapu yangu itavaa bampa la chuma. Si la dukani. La kutengeneza mwenyewe.
Sababu ni Latif, shemeji yangu wa Namakwekwe kule Mbale. Juzi alimpigia simu dada yake, mke wangu Juwairiya, akajisifu kwamba Mama Topista wa Nkoma anatafuta pikapu ya kuteremsha kahawa kutoka Bududa msimu mzima, na kazi ni kama keshaipata. Nikampigia Mama Topista mwenyewe. Bado hajachagua. Jumamosi atatujaribu wote wawili kwenye tope.
Latif ana gari jipya. Mimi nina miaka ishirini na sita ya kuendesha malori ya Magereza. Gari lake lina uso wa mtoto mchanga. Langu litatisha.

Jumanne, 6 Agosti.
Nimepata mabomba mawili ya chuma kinene. Otiende, fundi wa kuchomelea, akauliza vipimo viko wapi. Nikamjibu viko kichwani. Akaniomba basi nikisogeze kichwa karibu apime. Heshima hana, ila mkono wake safi.
Nimeongeza upinde wa juu, kama pembe za ng'ombe wa Ankole. Otiende alitaka kusema jambo kuhusu boneti. Nikamkatiza. Fundi akiachiwa maneno, kazi inalala.

Alhamisi, 8 Agosti.
Limefungwa! Watu wanne kulinyanyua. Rangi nyeusi, linang'aa. Pikapu imeinama mbele kidogo. Juwairiya alitoka, akaitazama, akasema gari linasujudu. Nimelichukua neno hilo kuwa dua.
Nimegundua boneti haifunguki. Upinde umeizuia. Si neno. Injini haihitaji kuchunguliwa kila siku.

Ijumaa, 9 Agosti. Mbale.
Tumeswali Ijumaa, nikaondoka. Kabla ya Tirinyi, mvuke. Rejeta inataka maji, maji ninayo, pa kuyapitishia sina. Nikakaa kivulini nikala mahindi ya kuchoma matatu mpaka injini ikapoa yenyewe. Mapumziko mazuri sana.
Mbele kidogo askari wa barabarani akanisimamisha. Akauliza kwa upole kama hili ni gari au geti la jela. Kwa mtu wa Magereza hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Nikamshukuru. Akaniruhusu kupita, nadhani kwa huruma.
Nimefika Namakwekwe jioni. Latif alilizunguka bampa mara mbili. Wivu. Mkewe, Madina, alitupa malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa mchuzi wa karanga. Nilirudia sahani.

Jumamosi, 10 Agosti.
Niandike pole pole, nisiruke jambo.
Mvua ilinyesha Bududa tangu alfajiri. Mama Topista akapanda gari la Latif kwanza, mimi nyuma yao. Kwenye kona ya tatu gari likateleza. Gurudumu moja likabaki linaning'inia juu ya korongo. Niliacha kabisa kufikiria kazi. Nikafunga mnyororo, ncha moja kwenye gari lao, nyingine kwenye bampa langu. Latif akashusha kioo, akaniita kwa sauti ndogo.
"Shemeji, usituache."
"Niwaachie nani?" nikamjibu. Nikatia gia ya nyuma.
Gari lao likapanda barabarani, salama. Ndipo nikasikia mlio kama wa mfupa. Pikapu ikaruka kinyumenyume, ikaingia kwenye migomba ya watu. Bampa likabaki barabarani na mnyororo wake.
Mama Topista alishuka, viatu mkononi. Alimshukuru Mungu kwanza. Kisha akalitazama bampa, akanitazama mimi kwenye migomba, akacheka mpaka akaketi juu ya jiwe.
"Afande, umetuokoa," akasema. "Lakini kahawa yangu siipakii kwenye gari linaloacha uso wake njiani."
Aliyemjibu ni Latif. Kwamba gari liwe lake, lakini usukani nishike mimi, kwa sababu yeye tope haliwezi. Mama Topista akakubali hapo hapo. Sikuwahi kumpenda Latif hivi. Boneti yangu nayo sasa inafunguka.

Jumapili, 11 Agosti. Nalufenya.
Nimerudi na bampa nyuma ya pikapu. Otiende ameona chesisi ilivyochanika kwenye bolti, akasema chuma kilikuwa kizito mno. Juwairiya naye amesema hivyo hivyo. Watu wawili, kosa moja. Bampa halina hata mkwaruzo. Kilichokatika ni pikapu. Mwenye makosa ni nani hapo?
Nimelala mchana vizuri. Kazi ninayo, shemeji ninaye, na gari jipya la kuendesha. Lina kasoro moja tu: mbele liko uchi. Nimeshachukua vipimo, kwa macho. Safari hii mabomba matatu.
Latif bado hajui.