Mjomba Wangu wa Chumba Namba Saba

Jumapili, 3 Mei

Kila anayetembea Dubai bila kuteleza anishukuru mimi, Twaibu. Vigae vya mji huu vinapita kwenye ghala letu hapa Al Qusais, na ghala lote limo mikononi mwangu. Miaka kumi na tisa! Meneja yupo, ndiyo, lakini yule kazi yake kusaini tu. Tajiri mmoja mkubwa aliwahi kunipungia mkono kutoka ndani ya gari. Inawezekana alikuwa anafukuza nzi. Mkono ni mkono.

Leo pigo. Kaja Faris, mjukuu wa mwenye nyumba zetu. Ni safu ya vyumba kumi na viwili, vimeshikana ukuta kwa ukuta, vilijengwa miaka ya sabini kwa ajili ya wachimba mitaro ya maji machafu. Faris anasema vimechoka. Vinavunjwa. Mwisho wa mwezi tuwe tumetoka wote.

Halafu akauliza swali la ajabu. Nani anajua habari za watu waliokaa humu zamani? Hasa chumba namba saba?

Namba saba! Ndimo ninamolala mimi na Francis, Mkenya wa Kisii, mlinzi wa jengo la ofisi kule Oud Metha.

Hakuna aliyejua. Mimi kichwa kikaanza kuchemka. Mtu haulizi habari za kale bure. Hawa wanataka kuweka kibao cha kumbukumbu. Na mwenye damu moja na mtu wa kwenye kibao, nani atathubutu kumtoa?

Maana kutoka siwezi. Kwa mshahara wangu chumba kingine ni ndani ya katoni za vigae. Na Tanga sirudi. Kule nimewaambia safu yote ni yangu.

Jumatatu, 4 Mei

Nimekwangua fremu ya mlango kwa kijiko cha Francis. Rangi ya kijani. Chini yake kahawia. Chini yake bluu. Chini ya bluu, majina!

Yamechongwa kwa msumari. Nimeelewa mara moja, mimi si mtu wa kuelezwa. Mchimbaji akiingia alichonga jina na mwaka. Akiondoka alilipiga mstari na kuandika mwaka wa kutoka. Majina tisa, yote yamepigwa mstari.

Isipokuwa moja. MARHUN 1978. Halina mstari.

Francis kachungulia, akasema huyo basi hakuondoka, mzee wangu, huyo bado yumo humu ndani na sisi. Akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Nimehamisha godoro langu mbali na mlango, kwa sababu ya hewa.

Jumanne, 5 Mei

Nimempigia Faris. Nikamwambia Marhun wa namba saba ni mjomba wangu. Ndugu wa mama, tumbo moja! Nikaona haitoshi, nikamwongezea: alikuwa na urefu wa futi saba. Alichimba mtaro peke yake kutoka Deira mpaka baharini. Sururu yake ilibebwa na watu wanne.

Faris akajibu kwa Kiunguja chake cha taratibu, alichorithi kwa bibi yake: "Ami Twaibu, tafadhali usende popote. Sisi tunakutafuteni mwaka wa arubaini na nane huu."

Akakata simu.

Miaka arubaini na nane! Hakuna anayetafutwa miaka yote hiyo ili apewe halua. Marhun kafanya nini? Kaua? Katoroka na bibi harusi wa watu?

Nimemuuliza Francis, mtu wa usalama. Anasema kwao ukitafutwa miaka miwili ni mambo ya ng'ombe. Kumi ni shamba. Arubaini na nane, akasema, buda, hiyo ni damu. Akaniuliza redio yangu atarithi nani.

Jumatano, 6 Mei

Wamekuja ghalani! Saa sita mchana, gari jeupe. Faris na wanaume wawili wenye mabega. Mmoja kabeba kitu kirefu kimefungwa kwa kitambaa. Kitu kirefu!

Nikaingia kwenye katoni ya sinki la kuogea. Saa moja na nusu. Mguu wa kushoto ulikufa, wa kulia ukaufuata. Nimesoma dua zote ninazozijua, zikaisha, nikaanza kusoma mashairi ya shule ya msingi.

Wameacha salamu kwa meneja. Ijumaa baada ya sala niende kwa bibi yao, Bi Amna, mtaa wa Al Warqa. Familia nzima itakuwepo. Meneja kaniuliza nina uhusiano gani na watu wakubwa namna ile. Nikamwambia ni wadogo zangu kibiashara. Sauti ilitoka nyembamba.

Alhamisi, 7 Mei

Mpango wa kwanza: kujivua ujomba. Nimempigia Faris, nikasema samahani, nimechunguza vizuri, Marhun ni mjomba wa jirani yetu. Akanijibu nisijishushe, ami, wastaarabu ndivyo walivyo. Akasema bibi hajala tangu Jumanne kwa furaha.

Kwa furaha! Wanaonifurahia ndio wanaonitisha zaidi.

Mpango wa pili: likizo ya dharura. Nimemwambia meneja mjomba amefariki, lazima nipande ndege kesho. Akauliza mjomba yupi. Ulimi ukateleza, nikasema Marhun. Akanipa mkono wa pole. Likizo ni kuanzia Jumatatu ijayo.

Mpango wa tatu sina.

Ijumaa, 8 Mei

Nitaandika kidogo kidogo.

Nilikwenda na Francis. Kavaa sare yake ya ulinzi na kirungu, nikawaambia ni mlinzi wangu binafsi. Sebule imejaa watu, hata ngazi zina watu. Udi unafuka. Bi Amna mwenyewe ni mdogo kama bilauri, kakaa kwenye kochi kubwa, miguu haifiki chini. Na mapajani kwake, kile kitu kirefu.

Akakifungua. Ni sururu. Fupi, mpini umelika. Akasema ni ya mjomba wako. Watu wakaniangalia mimi na zile futi saba.

Kisha akaeleza. Mwaka 1978 alikuwa mke mchanga, mumewe ndiye mwenye safu ile. Marhun, mchimbaji wa kutoka Mkokotoni, Unguja, kidole kimoja cha kushoto hakina kucha, alikuwa akija kwao kuomba maji ya kunywa. Siku moja bangili ya dhahabu ikapotea. Bi Amna akaulizwa nani aliingia. Akasema: yule mchimbaji. Akasema alimwona ameishika. Hakumwona. Aliogopa mumewe atamlaumu kwa uzembe.

Marhun akatolewa mtaroni na matope miguuni, moja kwa moja akarudishwa Unguja. Hata chumbani hakupita. Ndiyo maana jina lile halina mstari.

Baada ya miezi mitatu bangili ikaonekana ndani ya debe la mchele. Bi Amna akanyamaza. Akanyamaza miaka yote. Lakini tangu mwaka ule akawa anamtafuta Marhun kimyakimya, na kila aliyetumwa alirudi mikono mitupu, kwao hakuna aliyetaka kumtaja kwa mgeni.

Jumanne ijayo anakwenda kuhiji. Na anayekwenda kuhiji huomba radhi kwa kila aliyemkosea. Kama mwenyewe hayupo, kwa watu wake. Bi Amna akanishika mikono yote miwili, akasema: "Wewe ndiye damu yake, mwanangu. Nipe radhi yake niende."

Na Faris akaninong'oneza sikioni kuwa familia imeshakubaliana. Namba saba haivunjwi. Ni yangu mpaka nife.

Neno moja tu! Nimekusamehe. Neno moja na chumba ni changu.

Nimeogopa katika maisha yangu. Nimeogopa mbwa, sindano, na mama mkwe. Lakini woga ule sijawahi kuuona. Yule bibi angekwenda Makka na radhi ya mtu wa vigae. Angelala usingizi wa raha juu ya uongo wangu. Na siku ya siku, Marhun angenitafuta mimi, tena na ile sururu.

Nikasimama kama simba. Nikasema mbele ya wote: mimi si ndugu yake. Jina nimelitoa mlangoni.

Kikombe kikaanguka mahali. Faris akaja juu, akasema watu kama mimi ndio wanaoharibu jina la Waswahili mji mzima. Bi Amna hakupiga kelele. Akafunika uso kwa mtandio, mabega yakawa yanatikisika. Hilo lilikuwa baya kuliko kelele.

Tumetolewa. Mwisho wa mwezi nitoke, na niwe wa kwanza. Francis katoka na sambusa nne mfukoni.

Jumamosi, 9 Mei

Siku tatu zimebaki Bi Amna aondoke. Kabla yangu yule bibi alikuwa hana matumaini, kashazoea. Mimi nimempa, nikamnyang'anya. Kila gari likisimama nje nadhani ni laana inashuka.

Asubuhi nikachukua simu. Nikarekodi ujumbe: anatafutwa jamaa wa Marhun, mtu wa Mkokotoni, alichimba mitaro Dubai mwaka 1978, akarudishwa ghafla, kidole kimoja hakina kucha. Anayemtafuta anataka kumwomba radhi. Basi. Sikuongeza futi hata moja. Francis alisikiliza, akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Nikatuma kwenye makundi yote niliyomo. La Tanga, la Unguja, la Maskati, la wauza vigae, na lile la harusi ya mtoto wa shangazi ya mwaka 2019 ambalo mpaka leo halijafungwa.

Kufikia alasiri majibu sitini na moja. Arubaini wanauliza kama kuna kazi Dubai. Mmoja ananiuzia mbuzi. Na mmoja, mwanamke, kaandika hivi tu: Nani anamuulizia baba yangu?

Jumapili, 10 Mei

Anaitwa Ashwaq. Yuko kule kule Mkokotoni, mwalimu. Nimempigia na nimesimama wima, kama niko mbele ya hedimasta.

Baba yake alifariki miaka kumi na moja iliyopita. Habari ya bangili ilifika kijijini kabla ya yeye mwenyewe kushuka. Aliitwa mwizi mpaka siku anazikwa. Ashwaq shuleni aliitwa Binti Bangili. Posa yake ya kwanza ilivunjika kwa ajili hiyo.

Akaniuliza mimi ni nani katika mambo haya. Nikasema mtu wa vigae tu. Fikiria! Mimi!

Nikamwambia Bi Amna anaondoka keshokutwa. Akasema yeye hakumtuma aondoke. Atafikiri. Akakata.

Nilidhani kazi ngumu ni kumpata.

Jumatatu, 11 Mei

Asubuhi Ashwaq kaandika: saa kumi alasiri, nitamsikiliza.

Nikampigia Faris. Alinitukana Kiswahili, akahamia Kiarabu, alipochoka nikamweleza. Baada ya dakika ishirini gari jeupe likawa nje. Safari hii sikujificha, niliingia kiti cha mbele.

Kwa Bi Amna simu ikawekwa mezani, sauti ya wote, ukoo mzima ukisikiliza. Bi Amna hakujizungusha. Akasema: mimi ndiye niliyemsingizia baba yako. Sikumwona ameshika kitu. Bangili niliiona mwenyewe kwenye mchele, nikanyamaza, nikaivaa.

Ashwaq akasema anataka kitu kimoja. Baba yake alisingiziwa mbele ya watu, basi asafishwe mbele ya watu.

Faris akaanza kusema bibi ni mtu mzima, jina la familia, na kadhalika. Bi Amna akamwambia: "Nyamaza, mtoto. Twaibu, unarekodi vipi?"

Nikamwonyesha kitufe cha kubonyeza. Akasema yote upya kwa sauti yake, jina lake, jina la mumewe, jina la Marhun. Nikatuma kwenye makundi yale yale, mpaka la harusi. Tukasubiri mpaka Ashwaq akaisikia kutoka kwa jirani yake, siyo kutoka kwetu.

Simu ikarudi. Kimya mpaka nikadhani salio limekwisha. Watu wote wanaitazama simu kama mgonjwa.

Halafu: "Nenda, mama. Mimi nimekusamehe. Na baba alikuwa hakai na kinyongo, namjua."

Bi Amna akaegemea kochi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Ngazi nzima ilikuwa inalia. Faris alisema ni udi.

Jumatano, 13 Mei

Bi Amna kaondoka jana salama. Faris kaniletea ujumbe wake: nikae namba saba mpaka arudi, ndipo tutazungumza. Mpaka arudi! Kwa lugha ya wastaarabu hiyo ni milele. Nimewaambia Tanga kuwa safu yangu imeongezewa kumbukumbu ya kihistoria.

Habari imeenea. Leo kanipigia Bi Maha, jirani wa Bi Amna kule Al Warqa. Anatafuta watu wa yaya aliyemlea utotoni, mwanamke anaitwa Sikujua. Je, mimi mtaalamu wa kutafuta watu naweza kumsaidia?

Sikujua? Nikamwambia huyo ni shangazi yangu, baba mmoja! Alikuwa na nguvu za kubeba watoto sita kwa mkono mmoja.

Bi Maha kasema kwa upole kuwa Jumapili atakuja na kaka zake. Wapo watano. Francis keshauliza tena habari za redio.

Sina wasiwasi. Jasho hili ni la joto la Mei.

Ila kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu, niandike jambo moja dogo. Ile Ijumaa kwa Bi Amna, nilipoandika kwamba nilisimama kama simba. Sikusimama. Niliyasema yale nikiwa chini kwenye zulia, nimeukumbatia mguu wa Faris, kijana wa miaka ishirini na nne, namwita baba.