Fremu ya Mama Mkwe

Serikali ikimhamisha mtu kutoka Kigoma, watu watatu hufurahi. Wa kwanza ni mhamishwaji mwenyewe, hasa akipelekwa karibu na kwao. Wa pili ni yule anayekimezea mate kiti chake. Wa tatu alikuwa Feliksi, muuza vifaa vya umeme sokoni Mwanga, ambaye hakuwahi kuajiriwa na serikali hata kwa kufagia.

Feliksi alikuwa na meza, mwavuli na fremu moja ya picha, ya kidijitali. Ukichomeka flashi, picha zilipita zenyewe, moja baada ya nyingine, na muziki juu ukitaka. Alishaiuza kwa kamati nyingi za kuagana, na bado ilikuwa yake.

Siri ilikuwa katika adabu zetu. Mkubwa akihamishwa, ofisi huunda kamati, kamati huchangisha, na mwisho hununuliwa zawadi. Inafungwa kwa karatasi ya kung'aa, inapelekwa mbele kwa kucheza, mpokeaji anaipokea kwa mikono miwili huku akilengwa na machozi. Haifunguliwi pale, maana kufungua zawadi mbele za watu ni ulafi. Inafunguliwa huko Tanga au Mbeya, mizigo ikishashushwa. Sasa mtu huyo akikuta kwenye boksi kipande cha marumaru ya sakafuni, afanye nini? Awapigie simu watu waliomlilia ukumbini, awaulize walimaanisha nini? Hathubutu. Anaandika ujumbe kwamba zawadi ameipenda sana, na juu ya marumaru anaweka chungu cha maua. Aliyenunua hafungui, aliyepewa hasemi. Wapo waliosoma hadi nywele zikawatoka bila kugundua jambo zuri kama hilo.

Marumaru zenyewe, za kahawia zenye nakshi ya majani, Feliksi aliziokota kwenye gesti iliyokuwa ikijengwa Buzebazeba. Uzito wake na wa fremu haukupishana sana.

Lakini mwaka mmoja mjanja wetu alipatikana. Alimpenda Erica, fundi cherehani wa hapo hapo sokoni, na hapa sina budi kumtetea, alimpenda kwelikweli. Mshenga wake, Mzee Leonardi, alipeleka barua ya posa Simbo kwa wazazi wa binti, na jibu likaja kwamba kijana aende Jumapili aonekane. Kabla ya hapo hakuruhusiwa kukutana na mama mkwe, wala kuonyeshwa picha yake. Ndiyo desturi ya nyumba ile. Feliksi akaamua kwamba fremu halisi, ile ile iliyomlisha, ataipeleka ukweni. Angeiuza mara ya mwisho tu, apate nauli na soda za msafara, kisha aache mambo hayo.

Ijumaa asubuhi akasimama mezani mama mmoja wa makamo, kitenge cha njano, mkoba mkubwa begani.

"Mwakeye, mwanangu," alimsalimu kwa Kiha.

"Shikamoo mama. Karibu, hapa bei inaongeleka."

"Marahaba. Natafuta zawadi ya bei nafuu. Mganga wetu wa zahanati kahamishwa, kina mama tumechanga. Ila tumechanga kimaskini."

Moyo wa Feliksi ukapiga magoti na kushukuru.

"Mganga ni mtu mzito, mama. Ukimpa mashuka, kila mtu kampa mashuka. Ukimpa saa ya ukutani, anayo. Mpe hii." Akaiwasha. Yakapita maporomoko ya maji, maua, mtoto anacheka. "Mnajipanga mbele ya zahanati mnapigwa picha, mnaitia humu. Yeye yuko Tabora anakunywa chai, anawaona."

"Umeme ukikatika je?"

"Umeme ukikatika hamwoni hata mkewe, mama."

Mama akacheka kidogo, akauliza bei.

"Madukani wanataka thamani ya mbuzi wawili. Mimi nakupa kwa thamani ya mmoja."

"Mbuzi wa namna gani?"

"Beberu aliyenona."

"Mimi nina hela ya mbuzi anayekohoa."

Walivutana mpaka mbuzi akapona kikohozi bila kunona, wakakubaliana. Mama akatoa simu. "Hebu ishike vizuri nikupige picha, wenzangu waamini kwamba nimenunua." Feliksi akaikumbatia fremu na kutabasamu meno yote. Alikuwa na meno mazuri, nayo yalikuwa nusu ya biashara.

"Ila bei hii imekuwa rahisi mno," mama akasema. "Nzima kweli?"

"Mama, Jumapili nakwenda ukweni, na nampelekea mama mkwe fremu hii hii, ndugu yake." Akatoa chini ya meza boksi la pili, linalofanana na la kwanza kwa kila kitu. "Mama mkwe mwenyewe sijawahi kumtia machoni. Ningethubutu kumpelekea kibovu?"

Mama akaliinamia boksi lile. "Huyo binti unampenda?"

"Hilo mama sitanii."

Lilikuwa neno la kwanza asubuhi ile lisilo na biashara ndani yake.

Akaanza kufunga. Fremu ilizama chini ya meza, mikono ikapishana huko kama inavyopishana kwa wapishi wa chapati, na juu yakarudi maboksi mawili, yote tayari kwa karatasi ya fedha. Lenye marumaru akalibandika ua jekundu, la mganga. Lenye fremu akalibandika ua la bluu, la mama mkwe.

"Nipe la bluu," mama akasema.

"Si mapacha hayo, mama?"

"Kama ni mapacha, hutajali. Hakuna mwanaume anayempelekea mama mkwe kitu kibovu, umesema mwenyewe."

Feliksi akalivuta la bluu upande wake. "Hilo la bluu nimeshaliombea, mama. Nimeliwekea mikono nikasali nikubaliwe ukweni."

"Aa, basi. La maombi siligusi." Akatoa noti kubwa. "Nitafutie chenji."

Feliksi akaenda kwa muuza dagaa wa meza ya tatu, ambaye huhesabu chenji huku akisimulia ugonjwa wake wa mgongo. Aliporudi, mama alikuwa amekaa vile vile, mikono mapajani, boksi la ua jekundu limeshaingia mkobani. Walishukuriana kwa heshima, wakaagana.

Jumapili Feliksi akaingia Simbo na suti ya kuazima, boksi lake la bluu mikononi, Mzee Leonardi mbele. Wakakaribishwa sebuleni. Baba mdogo wa Erica, Mzee Adolf, msemaji wa familia, akawakaribisha kwa hotuba iliyoanzia kwa mababu. Erica alikuwa ameketi pembeni, ameinamisha macho kwa aibu ya posa, ila kila mara alikuwa akimwibia Feliksi tabasamu.

"Na huyu," Mzee Adolf akasema, "ndiye mama yake Erica."

Akaingia mama wa kitenge cha njano.

Feliksi akageuza macho haraka, yakatua juu ya kabati. Pale juu ilisimama fremu, inawaka. Likapita shamba la michikichi. Akapita Erica siku ya kipaimara. Kisha akapita yeye mwenyewe, sokoni Mwanga, amekumbatia fremu, meno yote nje.

"Mbona huyu ndiye huyu?" Mzee Adolf akauliza.

"Ndiye," mama akasema. "Desturi yenu imemkataza yeye kuja kwangu. Haikunikataza mimi kwenda sokoni. Nikanunua kwake hiyo fremu. Nzuri, na bei ina adabu."

Feliksi hakuwa mjinga. Kama fremu halisi ilikuwa pale kabatini, basi alijua alichoshika. Maua yale yalikuwa ya kubandika, na maua ya kubandika hubanduka na kubandikwa upande wowote, hasa muuza dagaa akiwa anasimulia mgongo wake. Alilikumbatia boksi mpaka karatasi ikalia.

"Kijana, toa zawadi," Mzee Leonardi akanong'ona, kisha ikabidi ambandue vidole kimoja kimoja.

Mama akalipokea kwa mikono miwili. "Nyumba hii hatufungui zawadi mbele ya wageni," akasema, na Feliksi akapata pumzi. "Ila huyu si mgeni tena."

Akafungua taratibu, bila kuichana karatasi. Ikatoka marumaru ya kahawia yenye nakshi ya majani. Sebule nzima ikaitazama.

"Feliksi," Erica akasema, "hiyo nini?"

Feliksi aliogopa kama hajawahi kuogopa polisi wala mgambo wa soko. Alimtazama Erica na kuona kwamba neno moja tu la mama yake lingemwondoa maishani mwake, naye asingekuwa na la kujitetea. Mama naye alimtazama yeye, kwa muda mrefu.

"Sampuli," mama akasema. "Kijana kasikia baraza letu ni la udongo, kaniletea nichague. Au siyo, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Anataka kuliweka marumaru lote."

"Lote, mama."

"Na hii sebule."

Feliksi akaipima sebule kwa macho, ukuta hadi ukuta. "Na sebule."

"Na ataziweka mwenyewe, bila fundi. Barua yake tutaijibu sakafu ikikauka."

Mzee Adolf akapiga makofi, akisema tangu azaliwe hajaona mposaji mwenye kufikiria hivi. Erica hakupiga makofi. Alitazama marumaru, akatazama fremu, kisha akamtazama mama yake, na kuna kitu walielewana. Wakati wa kuagana mama alimsindikiza kijana mlangoni.

"Sijakuibia," akamwambia kwa sauti ya chini. "Nimechukua nilichokilipia. Na Erica nitamweleza leo. Akikukataa, sakafu utaimaliza hivyo hivyo."

Erica hakumkataa, ila hakusema naye mpaka baraza lilipofika nusu. Feliksi aliuza meza na mwavuli akanunua marumaru, safari hii dukani. Alifanya kazi kwa magoti, na mama mkwe akaihamishia fremu dirishani, ikiangalia nje, ili kijana asiwe mpweke. Kila alipoinua kichwa alijikuta anajichekea mwenyewe kwa meno yote.

Ile ya kwanza, ya kwenye boksi, mama aliagiza iwekwe mlangoni, pale ambapo kila anayeingia lazima akanyage.

Ama yule mganga wa zahanati, hajahamishwa. Yuko Simbo mpaka leo, na ndiye aliyemtibu Feliksi magoti.