Serikali ya Mseto na Kwaya ya Bwana Pugh

Jumatatu, 20 Aprili
Kura za maoni zasema hakuna chama kitakachopata wingi katika Bunge la Wales. Lazima serikali ya mseto. Makao makuu ya chama chetu cha Bonde yameagiza mtu yeyote asizungumzie mseto kabla ya uchaguzi. Mimi, katibu wa tawi, nimeona mwanya wa kuwapima wenzetu kimyakimya. Tudur Pugh, mwenyekiti wa chama cha Umoja hapa mjini, ndiye anayeongoza kwaya ya wanaume. Nimejiunga. Nimesema naimba sauti ya tatu. Sijawahi kuimba.

Jumatano, 22 Aprili
Mazoezi. Nilitega sikio. Waimbaji wakaongea juu ya magoti yao na paa la kanisa linalovuja. Nikamuuliza Pugh, kama kwa bahati tu, kama Umoja wangetuachia wizara ya kilimo. Akauliza naongea kama mwimbaji au kama katibu. Nikasema mwimbaji.
“Basi imba, bwana.”

Jumamosi, 25 Aprili
Tumeimba ukumbi wa soko. Kumbe ni mkutano wa kampeni wa Umoja. Tangazo lilisema hivyo, ila sikulisoma lote. Tulivishwa skafu za njano, rangi ya chama chao. Mimi mfupi, nikawekwa mbele.

Jumatatu, 27 Aprili
Niko kwenye gazeti, ukurasa wa kwanza, mdomo wazi. Mwenyekiti wetu, Bi Meinir, akanipigia simu.
“Idwal, umehamia lini?”
Nikaeleza kwamba nilikuwa napeleleza. Akauliza nimegundua nini. Nikasema paa la kanisa linavuja. Kisha akanivua kazi ya vipeperushi na kunipa ya kupika chai.

Jumatano, 29 Aprili
Pugh amekuja ofisini kumwomba radhi Bi Meinir kwa ile skafu. Nikawapelekea chai na mkate wa zabibu, nikabaki nyuma ya mlango. Walicheka sana, sijui nini. Saa mbili nzima. Mwishowe wakaafikiana: hesabu ya viti ikiruhusu, watazungumza wao kwa wao kwanza, kabla ya vyama vingine. Wizara ya kilimo waliibishania. Jambo moja tu halikuwa na ubishi: mimi nisiwepo chumbani.

Alhamisi, 30 Aprili
Nimetafakari. Bila mimi wasingekutana kamwe. Mpango umefaulu kabisa.
Sasa kimebaki chama cha tatu, cha Wakulima. Mwenyekiti wao anaendesha mashindano ya mbwa wa kuchunga kondoo. Nimeshajiandikisha. Mbwa nitaazima kwa Bi Meinir.