Meno Yaliyofukizwa Udi

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimetoka kliniki. Nimechoka. Daktari Daisy, binti wa Kitaita ambaye kwa umri ningeweza kumtuma dukani, ameniangalia mdomoni kama mtu anayekagua choo cha stendi.

Meno yangu yamepandana tangu utotoni. Sasa yananyooshwa kwa vifuniko vya plastiki, vyembamba, ukivivaa havionekani. Kimoja juu, kimoja chini. Kila baada ya muda napewa jozi mpya inayosukuma meno kidogo zaidi. Hiyo ndiyo sehemu niliyoipenda. Niliyofichwa ni kazi! Ukila, vua. Ukinywa chai, vua. Ukimaliza, piga meno mswaki, piga na vifuniko mswaki laini kwa maji baridi, ndipo uvae tena. Mchana kutwa mtu yuko bombani. Na bomba la Voi hutoa maji likipenda.

Daktari amesema vifuniko vimekuwa manjano na ufizi wangu unatoka damu. Nikamweleza kuwa ile ni bizari tu, si uchafu. Akasema bizari na vifuniko havikutakiwa kukutana. Nirudi Jumatano ya wiki ijayo. Akikuta hali ni hii hii, jozi mpya sipati, na matibabu yanasimama.

Na Ijumaa hii nakwenda kwa Bi Sumayya kutazamwa. Mpwa wake Rayhana, mwalimu wa chekechea, ndiye mwanamke pekee aliyenifanya nichane nywele tangu mke wangu afariki. Namtaka. Naandika wazi kwa sababu hapa hasomi mtu. Siwezi kwenda kuposa na mdomo unaonuka.

Basi mdomo lazima uwe safi. Ila bila huku kusuguasugua. Njia haikosekani.

Jumanne, 7 Oktoba

Mpango: nisipokula, hakuna cha kusafisha. Nimefungua duka langu la vitambaa tumbo tupu, vifuniko mdomoni, mtu safi kabisa.

Saa nne Mutheu, muuza chai wa jirani, akaleta kikombe na mahamri kama kawaida. Nikasema leo sitaki. Akauliza kwani chai yake iko na shida, ama nimehamia kwa yule mwingine wa karibu na stesheni. Mutheu akinuna, mtaa mzima hununa naye. Nikanywa. Kwa mrija! Niliupitisha pembeni ili chai isiguse vifuniko. Iligusa. Kwanza iliunguza kaakaa, kisha ikajaa ndani ya vifuniko na sukari yake yote, ikakaa humo hadi adhuhuri. Maana bomba liko ng'ambo ya barabara, na ng'ambo ya barabara yuko Harith.

Harith anauza spea za pikipiki. Meno yake yamenyooka toka kwa Mungu. Hukaa mlangoni na kijiti cha mswaki tangu asubuhi, akisugua bila haraka. Wanasema naye amepeleka neno kwa Bi Sumayya. Alipouona mrija akaniuliza, mtaa mzima ukisikia, kama nimerudi kunyonya. Nikaingia ndani na mdomo wangu uliobabuka.

Jumatano, 8 Oktoba

Jino la chini linauma. Dada yangu Saadiya, anayeniendeshea nyumba na maisha, amelalamika kuhusu harufu. Amenitegea mswaki juu ya mto, kisha juu ya msala, kisha ndani ya kiatu. Nimeelewa.

Leo nikajaribu kwa haki. Bomba kavu, kwa hiyo nikaloweka vifuniko kwenye maji ya kisima. Maji ya kisima chetu ni chumvi tupu, kila sufuria ya Saadiya ina magamba meupe. Sijui kwa nini nilidhani plastiki itasamehewa. Vimetoka na utando mweupe juu ya ile manjano.

Harith akasema dawa ni mswaki tu, tena kazi yenyewe ni ndogo. Ushauri wa adui haufuatwi.

Mteja mmoja wa Kasigau alikuja akilia kuwa ndovu wamemaliza mahindi yake. Nikamwambia afadhali yeye, adui wake anaonekana. Aliondoka bila kununua.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepata! Kulala na wazo kunasaidia.

Kwetu, tangu enzi za bibi, kitu kikitakiwa kunukia hufukizwa. Nguo za harusi tunafukiza. Leso tunafukiza. Hata mtungi wa maji ya kunywa unapigwa moshi wa ubani kabla ya kujazwa. Je, tuliwahi kuupiga mtungi mswaki? Hatukuwahi. Na maji yake yalikuwa matamu.

Kwenye chumba cha nyuma ya duka nikawasha makaa kwenye chetezo, nikatia udi wa Saadiya, ule mzuri wa Idi. Juu nikafunika tenga la kufukizia nguo, nikatandaza kanzu ya kesho. Vifuniko nikavipanga katikati, chini ya kanzu, palipo na moshi mwingi. Akaja mteja wa mapazia. Mteja wa mapazia hajui rangi anayotaka.

Niliporudi, kanzu ilinukia ajabu. Vifuniko vilikuwa vya kahawia. Cha juu kilikuwa kimejikunja.

Saadiya alisimama mlangoni, akatazama tenga, akatazama mkono wangu. "Bwanaheri, umefukiza meno?"

Nikamwambia plastiki huwa inarudi ikipoa. Haikurudi. Nimekivaa kwa nguvu, mdomo wa juu umetokeza mbele kidogo. Daktari alisema visikae nje muda mrefu, na mimi mtu wa kufuata maagizo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Baada ya swala nikafika kwa Bi Sumayya na ndugu yangu Fawaz, aliye mshenga. Nimenukia mpaka barabarani. Rayhana akaleta kahawa na sahani moja ya halua, akakaa karibu na shangazi yake. Amevaa bui-bui jeusi, uso umetulia. Moyo wangu ulikwenda mbio, wallahi.

Sasa, halua ya nyumba unayoposa haikataliwi. Ukiikataa umewakataa wenyewe. Na kuvua vifuniko mbele ya wakwe, haiwezekani. Nikamega kipande kikubwa, nikauma kwa adabu. Halua ikakamata kifuniko cha juu na haikuachia. Niliposikia kimeng'oka nikafumba mdomo, nikasubiri Bi Sumayya amgeukie Fawaz, nikatoa donge zima kwa vidole na kuliweka ukingoni mwa sahani. Nilikusudia kulitia mfukoni.

Tatizo ni rangi. Halua ya kahawia, inang'aa. Kifuniko cha kahawia, kinang'aa. Na miwani ya Bi Sumayya ilikuwa juu ya kipaji.

Akanyoosha mkono, akachukua. Nami nikanyoosha wangu, nikachelewa.

Akauma. Akasita. Akaitoa, akashusha miwani. "Mwanangu, mbona halua hii ina meno?"

Fawaz alitazama dari. Nikaeleza yote: bizari, kisima, udi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuharibika. Bi Sumayya akaenda kusukutua mdomo, tukamsikia muda mrefu.

Rayhana ndiye aliyetusindikiza hadi mlangoni. Alikuwa akibana kicheko, au hasira, sikutofautisha. Akasema, "Meno yaliyopandana hayanisumbui. Watoto wangu wa chekechea wana mapengo na nawapenda. Lakini wanapiga mswaki."

Nimelala na kanzu. Ningali nanukia.

Jumapili, 12 Oktoba

Ujumbe umekuja kwa Saadiya. Posa ya Harith imekataliwa. Rayhana amesema mtu anayeongea na kijiti mdomoni hasikiki. Nimefurahi kupita kiasi. Yangu haijakataliwa! Ila Bi Sumayya hataki kusikia jina langu mpaka ahakikishe kuwa mimi ni mtu anayejisafisha. Akiridhika, naitwa tena. Asiporidhika, basi, na hakutakuwa na mara ya tatu.

Hakika huyu ni mwanamke wa kufanyiwa bidii.

Jumatano, 15 Oktoba

Kliniki. Daktari Daisy akashika kifuniko cha juu kwa vidole viwili, akaniuliza taratibu kama nyumba iliungua. Nikamwambia ni udi tu. Alikaa chini.

Jozi mpya hakunipa. Amechukua vipimo, nitengenezewe nyingine ufizi ukipona. Kwa sasa nivae ile jozi ya zamani, iliyobaki kabatini nyumbani, meno yasirudi nyuma. Hii ikiharibika, amesema, nitafute daktari mwingine. Akarudia yote: mswaki laini, maji baridi, chochote cha moto ni marufuku. Alisema polepole, namna mtu anavyomwambia mgeni njia ya kwenda Miasenyi.

Nimemsikia. Nimebadilika. Moshi nimeuacha kabisa, sitauwasha tena maishani.

Lakini harufu bado ni jambo la kufikiriwa, na jibu lilikuwa jikoni siku zote. Karafuu! Karafuu ni dawa ya meno tangu zamani, hata daktari hawezi kuibishia. Inachotaka ni maji yaliyochemka ili itoe nguvu. Daktari alikataza maji ya moto, ni kweli, ila alikuwa anasema maji ya kuoshea. Haya ni ya kulowekea.

Basi nimeweka karafuu, maji na vifuniko ndani ya ile chupa ya chai ya Saadiya, kubwa yenye maua, ya wageni, ambayo haipozi mpaka asubuhi. Nimefunga vizuri. Sijamwambia mtu.

Sasa hivi Saadiya amepita na habari njema. Bi Sumayya anakuja kesho asubuhi kunywa chai, ajionee mwenyewe kama nimejirekebisha. Na aje. Nimemwambia Saadiya amtolee chupa ile nzuri.