Posa Yangu Kando ya Kijito

Jumatano, 20 Agosti. Kilburn.

Nimenunua hema. La mtumba, duka la hisani, hapa hapa barabara kuu. Yalikuwepo mawili, nikachukua lenye picha ya mlima kwenye mfuko. Vigingi vimo sita, vinatakiwa kumi. Mtu mzoefu hahitaji vigingi kumi.

Sababu ya hema ni Léocadie. Mjane, Mkongo wa Bukavu, anatunza wazee kule Stratford. Miezi minane sasa tunajuana. Nimeshamwambia nataka kumuoa. Yeye amesema hana neno, lakini kaka yake Jean ndiye baba yake siku hizi, na Jean akisema hapana basi ni hapana. Na huyo Jean ana msimamo wake: mwanaume humjui mpaka mmelala nje pamoja. Kwa hiyo Ijumaa tunakwenda Wales, milimani, kwenye kambi ndogo kando ya kijito. Kulala siku tatu. Ni mtihani, hakuna jina jingine.

Hapo ndipo Mungu ameonyesha upendeleo. Mimi ni mtu wa milima! Siku ya kwanza kabisa nilimwambia Léocadie kwamba nimewapandisha wazungu Kilimanjaro mara kumi na saba. Ukweli wenyewe, kwa kuwa daftari hili ni langu na halisomwi na mtu: nilikuwa nabeba trei za mayai kwa baiskeli kutoka Moshi mjini hadi getini. Lakini geti ni la mlima. Na mayai yale yalifika kileleni, ndani ya wazungu. Kwa hiyo na mimi kwa namna fulani nimefika.

Barua ya posa tayari. Nimeiandika mwenyewe, bila mshenga, washenga huharibu. Kurasa mbili. Shule niliishia darasa la sita, kwa makubaliano na mwalimu mkuu, lakini Kiswahili changu hakina doa. Nimeifunga kwenye leso nyeupe kama desturi inavyotaka. Mpango: namshangaza Jean siku mbili, Jumapili namkabidhi.

Ijumaa, 22 Agosti. Kambini.

Tumekuja na gari la Bonface. Huyu ni Mkenya, tuko naye depo ya mabasi. Yeye anaendesha, mimi ni mkuu wa usafi wa ndani (tuko wawili). Sikumtaka safarini, ila mwenye gari ni yeye. Alibeba begi la Léocadie kabla sijalifikia. Nimeliona.

Njia nzima Jean alizungumza na Bonface. Kiswahili cha Jean ni cha kwao, kimevunjika hapa na pale, lakini sisi wenye lugha yetu tunakielewa chote. Bonface kila dakika anakatiza: mzee Jean, umesema nini? Kwani sawa kwenu ni kama? Aibu tupu. Mtu mzima anauliza maneno kama yuko chekechea.

Kambi yenyewe: milima pande zote, kondoo, ukungu, choo kimoja. Mwenye kambi ni bibi wa Kiwelisi, buti hadi magotini. Kuna mstari wa mawe yaliyopakwa rangi nyeupe, unakatiza majani kutoka uzio hadi uzio. Bibi akatueleza jambo refu sana huku akiyanyooshea kidole. Nikaitikia yes, yes. Mapambo mazuri, nikamwambia.

Nimechagua mahali bora kuliko wote. Chini kabisa, hatua tatu kutoka kwenye maji, majani laini, tambarare kama meza. Nashangaa hakuna mwingine aliyepaona.

Jean akaja. Akatazama hema langu, akatazama kijito, akatazama juu milimani. Akasema: "Tosha tente, kaka. Tosha."

Nikamshukuru. Nikamwambia kweli shemeji, linatosha, na nafasi ya viatu inabaki.

Akapaza sauti: "Tosha hapa!"

Panatosha, nikasema, tena sana. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaondoka akitikisa kichwa. Mtu akishakuvulia kofia huishiwa maneno.

Bonface alikuwa amesimamisha hema lake jirani na langu. Akamfuata Jean pembeni, akamwuliza kitu, kama kawaida yake. Kidogo namwona anang'oa! Amehamia juu ya mawe meupe, kwenye mteremko, penye mavi ya kondoo. Akaniita, wee Mtanzania, hebu panda huku. Nikamjibu wivu ni ugonjwa.

Jumamosi, 23 Agosti.

Siku ya kumshangaza Jean. Mpango wa kwanza: kupika maharage kwa mafiga, kama mlimani. Mwanaume anayejua kuwasha moto popote, nani atamnyima dada yake?

Mawe ya huku ni ya duara, sufuria haikai. Nikachukua matatu meupe kwenye ule mstari. Saizi ile ile, kama yamechongwa kwa kazi hiyo. Kuni mbichi, lakini kwa mafuta kidogo ya Bonface ya kukaangia zikakubali. Moshi wake sasa! Kondoo walihama.

Bibi wa Kiwelisi akaja mbio na ndoo. Akamwaga maji kwenye moto, kwenye maharage, na kwenye suruali yangu. Kisha akayatambua mawe yake. Sijapata kuona mtu mzima akibadilika rangi namna ile. Léocadie akaingilia kati, akaomba msamaha kwa niaba yangu, wakati hakuna aliyemtuma. Akarudi akacheka mpaka akakaa chini. Papa Ulimboka, aliniambia, utaniua kabla sijaolewa. Nimeliandika hilo neno kama lilivyo. Kabla sijaolewa.

Maharage yaliyobaki yakapikwa kwa jiko la gesi la Bonface. Yaliiva. Sikuyasifia.

Mchana kwenye chai nikasimulia jinsi nilivyokutana na chui Kilimanjaro, nikamkazia macho mpaka yeye ndiye akaona aibu akageuka. Bonface akauliza chui huyo alikuwa wa ngapi, maana wiki iliyopita depo alikuwa simba. Nikamwambia wanyama ni wengi.

Jean hakucheka. Akasema yeye alitembea msituni siku kumi na moja, mwaka wa vita, na Léocadie mgongoni, akiwa mdogo. Walilala kando ya mto pamoja na rafiki yake Jules na mama yake Jules. Alfajiri mto ukaja. Léocadie akamshika mkono.

Nikaona si vizuri watu wakae na huzuni, nikawaeleza jinsi mimi nilivyovuka mto uliofurika Moshi nikiwa na trei kumi za mayai kichwani bila kuvunja hata moja. Jean akainuka akaenda kuosha vikombe.

Jumapili, 24 Agosti.

Mvua. Si ya hapa kambini sana, hapa ni manyunyu tu, lakini kule juu milimani kumekuwa kweusi tangu asubuhi. Kijito kimebadilika rangi, kimekuwa kama chai ya maziwa. Kinapiga kelele nzuri.

Jean amekuja mara mbili kusema tosha. Sasa anasema huku akivuta kamba za hema langu kwa mikono yake. Anazikagua! Nikamwambia shemeji, usijisumbue, nilizifunga mwenyewe. Mara ya pili Bonface naye akashuka, akaanza kunieleza jambo juu ya neno hilo. Nikamkatiza. Mkenya anifundishe mimi Kiswahili? Nikamwambia arudi kwa kondoo wake.

Barua sijaitoa. Mpango umebadilika: nitaitoa kesho kwenye chai ya asubuhi, watu wakiwa wameshiba. Léocadie amesema ana trei nzima ya mayai, atayapika yote kabla hatujaondoka. Mayai na posa. Siku ikianza hivyo haiharibiki.

Barua iko mfuko wa suruali. Suruali iko chini ya kichwa. Daftari nalipeleka kwenye gari lisipate unyevu.

Jumatatu, 25 Agosti. Ndani ya gari, njia ya kurudi.

Naandika yote kwa utaratibu, maana wenzangu watayasimulia vibaya.

Saa kumi na mbili asubuhi, kumekucha. Bado niko kwenye begi la kulalia. Namsikia Jean kwa mbali anapiga kelele: "Mayi! Ulimboka! Mayi inakuya!"

Mayai yanakuja. Nikafurahi sana, nisifiche. Nikajibu kwa sauti: mawili, na kiini kisikauke!

"Mayi mingi!"

Basi matatu, nikasema. Watu wakarimu hawa.

"Mayi inaingia ku tente!"

Hapo machozi yalinilenga. Mayai yanaletwa mpaka kwenye hema, kitandani, kama kwa bwana harusi. Nikachukua sahani, nikafungua zipu kidogo, nikaitoa nje kwa mikono miwili, kwa adabu.

Sahani ikaondoka. Haikupokelewa, iliondoka. Nikahisi ubaridi umenishika viwiko. Kisha mgongo. Kisha hema zima likainuka kutoka chini na mimi ndani yake, likaanza kwenda.

Vigingi sita vilishika kwa muda. Siwezi kuvilaumu.

Sikumbuki vizuri yaliyofuata. Maji machafu, baridi ya kukata pumzi, kamba shingoni. Nilipiga kelele, nadhani kwa Kinyakyusa. Kisha mkono ukanikamata kwenye kola. Jean, maji kifuani, kashikilia mti kwa mkono mmoja na mimi kwa mwingine. Bonface nyuma yake kamshika mkanda. Wakanivuta kama gunia mpaka juu ya mawe meupe. Maji yalifika kwenye mawe yale yakakoma. Isipokuwa pale penye pengo la mawe matatu, yalipita humo yakalowesha viatu vya bibi. Hilo ni kosa la yeye kutoyarudishia vizuri.

Hema limekwenda. Suruali imekwenda. Léocadie akanifunga kitenge chake, chenye kuku na vifaranga. Nikamwuliza mayai yako wapi. Akaniuliza mayai gani.

Jean alikaa kwenye jiwe akikitazama kijito, hata kikombe hakushika. Léocadie akamkumbatia kichwa akaimba kitu kidogo cha kwao. Alikaa vile kama nusu saa. Nadhani baridi.

Bonface ndiye aliyenieleza, kwa furaha isiyo na sababu. Kwa Jean mayi ni maji. Na kutosha ni kutoa. Tosha tente: toa hema. Siku tatu mzee wa watu anakuomba utoe hema, wewe unamwambia lina nafasi ya viatu! Akacheka mpaka akaegemea gari. Nikamwambia kitu kimoja tu: sasa umeona jinsi Kiswahili kibovu kinavyoua watu? Angesema maji, nisingelowa.

Habari njema. Suruali ilipatikana, imenasa kwenye uzio huko chini, na aliyeipata ni Jean. Nilimwona akitoa leso, akiifungua. Nilikimbia, lakini kitenge hakikimbiliki. Wino ulikuwa umetoka. Ukurasa wa kwanza umebaki mweupe. Wa pili limebaki neno "Kilimanjaro" na saini yangu. Akaitazama, akanitazama mimi na kuku wangu, akamwuliza Léocadie kitu kwa Kishi, lugha ya kwao. Léocadie akaangalia chini akaitikia.

Jean akaikunja barua akaitia mfukoni! Hakuitupa. Barua ya kukataliwa mtu haweki mfukoni.

Tangu tuondoke hajasema neno. Anawaza mahari.

Alhamisi, 28 Agosti. Kilburn.

Siku tatu za kungoja. Mafua. Kazini Bonface ameshasimulia, basi zima la wafanyakazi linaniuliza napenda mayai ya namna gani. Nimewaambia nilizama kwa makusudi, kumpima Jean. Mwanaume humjui mpaka akuokoe.

Leo saa nane mchana, ujumbe wa Léocadie. Ameandika kwamba jana jioni wamekaa na kaka yake mpaka chakula kikapoa. Jean amesoma tena barua, yaani lile neno na saini. Yeye Léocadie amemwambia kwamba mimi humchekesha, na kwamba tangu afiwe hakuna mtu aliyemchekesha. Jean akafikiri sana, kisha akatoa jibu, na amesema nifikishiwe kama lilivyo, bila kugusa neno. Nalinakili hapa:

"Ulimboka eko sawa mutoto ya miaka tano."

Nimelisoma mara moja tu. Halihitaji mara ya pili kwa mtu mwenye lugha. Ulimboka sawa: nimekubaliwa! Na mtoto, miaka mitano: anataka ndani ya miaka mitano awe ameitwa mjomba. Hapo ndipo nilipomheshimu. Hakuzunguka. Sharti moja, wazi, la kiume.

Bonface alikuwepo nilipousoma, akasema ngoja kwanza, tumpigie mzee Jean tumuulize. Tumuulize nini? Nikamnyang'anya simu yangu. Huyu ataishi kwa kuuliza mpaka azeeke.

Nimemjibu Léocadie papo hapo, nikaomba naye afikishe bila kugusa neno: mwambie shemeji asiwe na wasiwasi, miaka mitano ni mingi, mimi hata ndani ya mwaka mmoja naweza.