Mita Zilizonyamaza Mtaani Kwangu

Jumanne, tarehe 14 Machi. Mawingu tangu alfajiri, joto la kukaba, mvua haikunyesha.

Siku hiyo niliamka nikiwa mkaguzi hodari kuliko wote waliowahi kushika kalamu nyekundu katika idara ya maji. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe wakati nanyoa ndevu, na kioo hakikubisha.

Nilikuwa nakagua mkataba wa mita zinazojisoma. Kampuni moja ilizifunga nyumba kwa nyumba, na kila asubuhi kila mita ilitakiwa kutuma hesabu ya maji ofisini kwa mawimbi, kama simu. Mkataba ulisema wazi: mtaa mzima ukinyamaza, idara inaweza kuuvunja. Nami nilikuwa nimeupata mtaa ulionyamaza wote. Tena wa kwangu.

"Una hakika?" mkurugenzi aliniuliza.

"Bosi, naishi pale. Zile mita nazijua kama wanangu."

"Haya. Ukithibitisha, kiti cha mkaguzi mkuu ni chako. Ukishindwa, kule stoo kuna mabomba yanatafuta mtu wa kuyapanga."

Meneja wa kampuni, mama mmoja mpole, alikuwa ameketi pembeni. "Fundi wangu amekwenda mtaa huo mara nyingi," alisema. "Kila geti anafukuzwa."

Nilicheka kile kicheko cha kitaalamu kinachotokea puani. "Mama, majirani zangu ni watu wastaarabu."

Tukapanda gari la ofisi sisi watatu. Njiani niliwasomea vifungu vya mkataba, hata visivyohusika. Mkurugenzi akajifanya amelala.

Geti la kwanza lilikuwa langu. Mke wangu alikuwa anaanika nguo.

"Mbona mapema, baba? Wamekufukuza?"

"Tumekuja kukagua mita," nilisema kwa sauti ya ofisini.

"Si iko kwenye sanduku lako?"

Hapa inanibidi nieleze. Mita zilipofungwa niliwahofia wezi. Nikamwita fundi wa kuchomelea, nikampa vipimo, akaniundia sanduku la chuma nene, lisilo na upenyo hata wa sisimizi, na kufuli mbili. Nililionea fahari kuliko nyumba yenyewe.

Meneja alilizunguka, akaligonga kwa kidole. Likalia kama kengele ya shule.

"Bwana mkaguzi," alisema taratibu, "mawimbi yapite wapi?"

Nikainama kuzikagua kufuli, moja baada ya nyingine.

"Na nyumba nyingine?" mkurugenzi aliuliza.

"Zote zina masanduku kama hili," mke wangu akawahi kujibu. "Huyu ndiye aliyewashauri kwenye kikao cha mtaa. Alichora na mchoro. Wakampigia makofi."

Mkurugenzi akakaa juu ya sanduku langu. Laiti angefoka ningepona. Alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanaruka, na meneja wa kampuni anamsaidia kwa heshima.

Alipomaliza kujifuta macho, aliniambia, "Kesho saa sita mchana mtaa huu uwe unaongea. Usipoongea, stoo unaijua ilipo."

Kesho yake asubuhi nilitoka na spana mkononi na kitambulisho shingoni, nikagonga geti la jirani yangu, mwalimu mstaafu.

"Nani?"

"Mimi, Mwalimu. Naomba unifungulie sanduku la mita."

"La nini?"

"Kazi ya idara."

Akanichungulia kwenye upenyo wa geti, akanitazama kuanzia viatu hadi kitambulisho. "Hapana, ndugu yangu. Kikaoni ulituambia akija mtu anataka sanduku lifunguliwe, hata awe na kitambulisho, hata awe tunamfahamu, tusimfungulie."

"Lakini Mwalimu, aliyesema ni mimi."

"Ndiyo maana tunazingatia. Ulisema vizuri sana."

Geti la pili walinijibu hivyo hivyo. La tatu walinijibu huku wanamfungua mbwa.

Nikaona bora nianze na sanduku langu, wengine waige, kama walivyoiga mwanzo. Mke wangu alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni, funguo zote mbili zimefungwa kwenye pindo la khanga.

"Kitambulisho," alisema.

Nikamwonyesha. Akakisoma chote, mbele na nyuma, kisha akaniambia nirudi na barua.